Magurudumu ya Kumchukua Ndinda

Kabla sijaeleza jinsi uchafu wa breki ulivyotaka kuninyang'anya mchumba, naomba wale watu wote wa Mutomo waliokuwa wakinishauri jinsi ya kuosha magurudumu wakae kimya kwanza. Walisema ya kutosha mwaka ule. Kila aliyepita mbele ya duka la Abukar na kunikuta nimechuchumaa kando ya motokaa alikuwa na dawa yake, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwa na motokaa.

Ulikuwa mwaka wa 1936. Nilikuwa dereva wa Abukar, mfanyabiashara wa ng'ombe aliyetoka upande wa kaskazini mashariki, akafungua duka Mutomo na kuoa na kuzeekea hapo. Motokaa yake ilikuwa nyeusi, lakini magurudumu yake yalikuwa ya rangi ya maziwa, yenye vile vijiti vya chuma vinavyoitwa spoku. Siku ilipofika kutoka Nairobi watu waliacha kuuza na kununua. Baada ya miezi mitatu, hayo maziwa yalikuwa yamegeuka masizi.

Watu walisema dereva ni mchafu. Dereva hakuwa mchafu. Barabara ya kwetu ni kupanda na kushuka, na Abukar alikuwa mtu asiyeogopa simba wala serikali, ila mteremko. Tukianza kushuka tu, angeshika mlango kwa mikono miwili. "Breki, Mwangangi. Breki. Kanyaga breki." Nami nilikanyaga tangu juu hadi chini. Breki zikisuguliwa hivyo hutoa unga mweusi, unga hukutana na grisi, grisi hukutana na vumbi jekundu, kisha joto huvipika vyote pamoja. Kinachopatikana hapo si uchafu tena, ni ngozi ya pili ya gurudumu.

Nisingejali sana kama si Mzee Nzuki. Huyu alikuwa mzee wa kanisa, na baba yake Ndinda. Mimi na Ndinda tulikuwa tumekubaliana zamani, mbuzi wa mahari walikuwa wamefika, mchungaji alikuwa ameshatutangaza kanisani mara mbili. Ndipo Nzuki akaenda kwenye harusi huko Migwani, akaona binti wa mzee mwenzake akipelekwa kanisani kwa motokaa yenye magurudumu meupe. Alirudi hana raha. Aliniita nyumbani kwake, akanikalisha kwenye kigoda kifupi ili anitazame kutoka juu.

"Mwangangi, wewe ni dereva ama si dereva?"

"Ni dereva, mzee."

"Basi Jumamosi Ndinda atatoka hapa na gari. Abukar amekubali, nimemuuliza mwenyewe. Lakini mimi nimeona magurudumu ya hiyo gari. Iko kama miguu ya mtu amevuka matope. Binti yangu hatapanda kitu kama hiyo watu wa Migwani wakiangalia."

"Nitaosha, mzee."

"Ukiosha, sawa. Ikibaki nyeusi, harusi itangoja mpaka itoke. Hata kama ni mwaka ujao."

Nilidhani anatania. Nikamtazama Ndinda aliyekuwa akipepeta mtama mlangoni, naye akatikisa kichwa taratibu. Baba yake hakuwa mtu wa kutania. Miaka tisa kabla ya hapo alisema hatakula tena chakula na kaka yake Muthama kwa sababu Muthama anatengeneza pombe, na miaka yote tisa hakula.

Ilikuwa Jumatatu. Nilikuwa na siku tano za kuyapata magurudumu meupe au kumkosa mke, na nasema wazi kwamba niliogopa. Ndinda alikuwa ameshanisubiri miaka miwili, na kulikuwa na mwalimu mmoja wa shule, mwenye viatu, aliyekuwa akipita kwao kuwasalimu wazee mara nyingi kuliko wazee wanavyohitaji kusalimiwa.

Jumatatu hiyohiyo nilianza na sabuni. Sabuni iliisha, uchafu haukuisha. Jumanne nilitumia majivu, kama mama zetu wanavyosugua vyungu. Mikono yangu ikatakata vizuri sana. Mtu mmoja akaniambia nichanganye mchanga, nami kwa ujinga nikamsikiliza, mchanga ukaondoa rangi ya maziwa pamoja na uchafu mpaka chuma kikaonekana, sehemu ya upana wa kiganja. Niliacha mara moja, nikamtafuta yule mtu, lakini alikuwa ameenda sokoni Kabati. Mafuta ya taa yalifanya weusi ung'ae. Kaltun, mke wa Abukar, alinitolea kikapu kimoja cha ukwaju uliobaki dukani, na kwa kweli ukwaju uliung'ata ule uchafu kidogo, lakini msimu ulikuwa umepita na kikapu kiliisha nikiwa bado kwenye spoku ya nne. Magurudumu yalikuwa manne na la akiba la tano, na kila moja lilikuwa na spoku nyingi kuliko subira yangu.

Jumatano asubuhi Abukar alisafiri na wachungaji wake kwenda kutazama ng'ombe, akaniachia motokaa na onyo. "Ijumaa jioni nikirudi nataka kuiona nzima. Na Mwangangi, hakuna mtu mlevi kukaa ndani. Hakuna chupa, hakuna kibuyu. Mimi siweki pombe kwa nyumba, na gari ni nyumba."

"Mimi ni mtu wa kanisa, mzee," nikamjibu, na nilisema kweli. Kwetu kanisani pombe hainywewi, haitengenezwi, haibebwi. Jumapili Mzee Nzuki husimama mlangoni na kumpa kila mwanamume mkono, akimvuta karibu kidogo kama mtu mwenye upendo mwingi. Hana upendo mwingi. Ananusa. Pua yake imewarudisha watu nyumbani hata waliokunywa juzi yake.

Siku hiyo nilienda kwa Muthama kuomba nta. Nilikuwa nimeshakata tamaa ya kuutoa uchafu, nikawaza kwamba nikiupaka nta angalau utang'aa. Muthama alikuwa mfuga nyuki, mizinga yake ilining'inia kwenye miti tangu kwake hadi mtoni, na nyumba yake ilikuwa kando ya barabara ileile ya kwenda kanisani. Nilimkuta anachuja pombe ya asali. Alikuwa peke yake, mzee mrefu mwenye meno machache, na kibuyu kikubwa mbele yake.

"Hii ni ya harusi ya Ndinda," aliniambia kabla sijauliza. "Msichana wetu hawezi kutoka nyumbani kama baba yake mkubwa hajamwaga pombe chini kwa njia yake. Baba yetu alimwagia dada zetu wote. Nzuki amekataa nisikanyage huko. Sawa. Lakini kutengeneza, nitatengeneza."

Nilikuwa upande wa Nzuki kwa dini na upande wa Muthama kwa huruma, na nilikuwa nimekuja kuomba nta tu. Ndipo nikaona kisu chake. Alikuwa amekiacha tangu jana ndani ya chungu cha machicha, yale mabaki mazito yanayobaki pombe ikishachujwa. Alikitoa kukatia kamba. Kisu nilichokijua siku zote kikiwa na kutu hadi kwenye mpini kilitoka cheupe kama kipya.

"Mzee, hicho kisu umekisugua na nini?"

"Kusugua kwa nini? Machicha inakula uchafu ya chuma. Ukiacha siku moja, inabaki chuma uchi."

Nilikaa chini. Niliyatazama machicha, na machicha, naamini, yalinitazama. Nilifikiria mkono wa Nzuki ukinivuta karibu. Nilifikiria onyo la Abukar. Kisha nilimfikiria yule mwalimu mwenye viatu. Nikamweleza Muthama shida yangu yote tangu mwanzo, naye aliendelea kuchuja mpaka nilipofika kwenye magurudumu.

"Hayo magurudumu itakanyaga njia yote? Kutoka kwa Nzuki mpaka kanisa?"

"Njia yote, mzee."

Alicheka mpaka akakohoa. "Basi chukua yote. Chukua chungu mzima, na pombe kidogo pia nitakuongezea juu. Kama mimi siwezi kufika kwa harusi, pombe yangu itafika. Leta gari."

Ningekuwa na akili ningeondoka. Lakini mtu mwenye siku tatu za kupata mke hatumii akili, anatumia alichonacho. Niliileta motokaa nyuma ya nyumba ya Muthama. Tulilowesha magunia ya katani kwenye machicha, tukayafunga kwenye kila gurudumu, na kila yalipotaka kukauka tukayamwagia tena. Nyuki walikuja kutazama. Muthama aliongea nao kwa heshima na kuwaomba wasubiri kidogo.

Alhamisi mchana tulifungua gunia la kwanza, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu nilicheka. Ile ngozi nyeusi ilikuwa imevimba na kulegea. Kitambaa kimoja tu kilitosha kuivua, na chini yake rangi ya maziwa ilikuwa pale pale, haijaguswa. Iliyobaki ilikuwa ile ya kwenye pembe, pale spoku zinapokutana, ambapo kidole hakiingii. Hapo nilitumia mswaki. Unatafuna kijiti mpaka ncha iwe nyuzi, unachovya kwenye machicha, unasugua, nyuzi zinaisha, unatafuna kingine. Nilitafuna vijiti ishirini na tatu mpaka taya likaniuma. Mara nne nilisahau nikarudisha mdomoni kijiti kilichokwisha chovywa. Mara tatu nilitema upesi. Sitasema zaidi ya hapo, ila Muthama alikuwa ananitazama na hakusema neno, na mpaka leo namshukuru kwa hilo.

Ijumaa nilisuuza kwa maji mawili, nikakausha, nikapaka nta, na ile sehemu ya kiganja iliyoharibiwa na mchanga nikaipaka chokaa. Jioni, nikiwa nimesharudisha motokaa dukani, Abukar alirudi. Alizunguka motokaa yake mara mbili, akainama kutazama spoku, na alipoinuka macho yalikuwa yamelainika.

"Mwangangi, umefanya kazi." Kisha akainamisha kichwa. "Inanukia nini?"

"Asali, mzee."

"Asali ni kitu safi," akasema, akaingia ndani kula.

Jumamosi tuliondoka Mutomo asubuhi. Niliendesha mimi mwenyewe, bwana harusi, kwa sababu hapakuwa na mtu mwingine aliyejua, na Abukar alikaa kando yangu kwa kanzu mpya kwa sababu motokaa yake haikuwahi kwenda mahali bila yeye. Nilivaa koti la kuazima, mabega yake yalikuwa ya mtu mwingine mpana. Kila kitu kilienda vizuri mpaka mteremko wa kwa Nzuki, ambao ni mrefu na una mawe. Abukar akashika mlango.

"Breki, Mwangangi. Kanyaga breki."

Nikakanyaga. Hapo ndipo nilipogundua kosa langu. Gurudumu huoshwa nje, lakini breki ziko ndani, kwenye chuma cha duara kama sufuria iliyofunikwa, na machicha yalikuwa yameingia humo kwa siku mbili bila mimi kujua. Sasa sufuria ilikuwa inapata moto. Tulipofika katikati ya mteremko harufu ilianza kupanda. Haikuwa harufu ya asali. Ilikuwa ya pombe ya asali, inayochemka, kali na tamu, ikitoka kwenye magurudumu yote manne na kutufuata chini ya kilima.

Abukar aliachia mlango. Alinusa kulia, akanusa kushoto, akanigeukia.

"Uliniambia asali."

"Ilikuwa asali, mzee. Mwanzoni."

Hakuwa na nafasi ya kunijibu kwa sababu tulikuwa tumefika. Wanawake walipiga vigelegele, wakatusogelea wakiimba wimbo wa kanisa, kisha wimbo ukapungua sauti kwa wale wa mbele, ukaendelea kwa nguvu kwa wale wa nyuma ambao harufu ilikuwa bado haijawafikia. Nzuki alisimama uani kwa suti nyeusi. Aliyaona magurudumu meupe na uso wake ukachangamka. Alikuja akiyaendea kwa mikono nyuma, kama mtu anayekwenda kukagua ng'ombe aliyekwisha kumnunua. Zilipobaki hatua tano, akasimama. Pua ilikuwa imefanya kazi yake.

Nzuki aliinama polepole kwenye gurudumu la mbele, akapiga goti moja na suti yake, akaweka uso karibu na spoku. Alikaa hapo muda mrefu sana. Nilimwona Ndinda akitoka mlangoni kwa gauni jeupe alilolishona mwenyewe kwa miezi mitatu, na nikawaza, basi, ndiyo mwisho wa kumwona akiwa na gauni hili kwa ajili yangu.

"Nani ameosha hii gari na pombe?" Nzuki aliuliza bila kuinuka.

"Ni mimi, mzee. Ni machicha tu. Kila kitu kingine kilikataa."

"Umetoa wapi?"

Jina la Muthama lilikuwa halitajwi katika boma lile. Nilijua nikilitaja nimekwisha. "Kwa mtu mmoja," nikasema. "Mtu wa Kabati."

Nzuki aligeuza kichwa akanitazama, na alikuwa na hasira, lakini haikuwa hasira niliyoitarajia.

"Wewe ni mwongo. Mtu wa Kabati hawezi kutengeneza hii. Hii asali ni ya maua ya migunga ya huko mtoni, haijachanganywa na sukari, na imekaa siku nne, si tatu na si tano. Hii ni pombe ya baba yetu. Hapa duniani anajua mtu mmoja tu."

Wanawake walikuwa wameziba midomo kwa leso, na wengine mabega yalikuwa yakitikisika. Mzee wa kanisa mwenyewe alisikia aliyoyasema, nadhani, kwa maana shingo yake iliingia kidogo ndani ya kola. Lakini hakuinuka. Alikuwa bado ameshika gurudumu.

"Mimi nilikuwa namshikia chujio," akasema kwa sauti ndogo, na sijui alikuwa anamwambia nani. "Baba akiwa anamwaga, Muthama alikuwa anashika kibuyu na mimi nashika chujio."

Ndinda alikuja mpaka alipo baba yake. Ndinda hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini yale machache alijua mahali pa kuyaweka.

"Baba, ulisema magurudumu iwe nyeupe. Ni nyeupe ama si nyeupe?"

Nzuki alitazama. "Ni nyeupe."

"Nyeupe kuliko ya Migwani?"

Nzuki alipitisha kidole kwenye spoku. "Kuliko ya Migwani," akakubali.

"Basi niambie kama ninaenda ama ninabaki, kwa sababu gauni linaburuta vumbi."

Nzuki aliinuka, akapangusa goti. Alimtazama Abukar, mwenye motokaa, kana kwamba anataka mtu mzima mwingine amsaidie. Abukar alikuwa ameshuka na kusimama mbali kidogo, upande ambao upepo unatoka.

"Mimi nimekosewa zaidi ya wewe, Mzee Nzuki," Abukar alisema. "Nitaongea na huyu dereva wangu Jumatatu, na ataosha hii gari mpaka achoke. Lakini leo msichana amevaa. Usirudishe mtu amevaa."

Nzuki akamfungulia Ndinda mlango wa nyuma. Nilitaka kulia, na kwa kuwa nilikuwa dereva nikajifanya natazama barabara. Ndinda aliketi nyuma na shangazi yake, Nzuki akajibana kando yao, Abukar akarudi mbele akiwa amefunika pua kwa kilemba, na tukaondoka. Kila niliposhika breki harufu ilipanda, na kila ilipopanda nilimsikia Nzuki nyuma yangu akivuta pumzi. Ilikuwa ndefu kuliko inavyohitajika kwa mtu anayelaumu.

Muthama alikuwa ameketi kando ya barabara, mbele ya kwake, kwenye kigoda. Alikuwa amenyoa, amevaa blanketi safi, amefunga fundo begani. Hakuwa anangoja kuchukuliwa. Alikuwa amekuja kuyaona magurudumu yakipita, na tulipokaribia aliinua mkono juu, akaushikilia hapo kama mtu anayebariki.

"Simamisha," Nzuki akasema.

Nikakanyaga breki. Nzuki alishuka, akavuka barabara na suti yake yenye goti la vumbi, akasimama mbele ya kaka yake. Miaka tisa, na sasa kulikuwa na hatua mbili tu kati yao.

"Panda gari," Nzuki akasema. "Kiti yangu iko wazi. Mimi nitatembea, si mbali."

Muthama aliteremsha mkono. "Mimi siwezi kuingia huko kwenu, Nzuki. Nimeonja asubuhi. Utasikia harufu."

"Harufu yako nimesikia tangu nyumbani," Nzuki akasema, akamshika mkono kumwinua. "Panda, mtoto wetu anachelewa."